Utarudi Lini?

Somo: Nehemia 2:1–9

 

Somo letu lamhusu mtu aliyehitaji ruhusa ya kusafiri. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, mbali sana na Yerusalemu. Mfalme alipomwuliza kwa nini uso wake una huzuni, alijibu ya kuwa mji wa makaburi ya baba zake umekuwa ukiwa. Angalieni jambo hili, ndugu zangu: alitaja makaburi kwanza, ndipo akataja malango yaliyoteketea. Naye mfalme, kabla ya kumruhusu, akataka kujua mambo mawili tu. Safari itachukua muda gani? Nawe utarudi lini?

Wale mliowahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote mtatabasamu, kwa maana swali hilo mwalijua. Twaweza kusema limeulizwa kwa miaka karibu 2,500, na hata leo ukisimama dirishani pa afisa wa uhamiaji utaulizwa lilo hilo. Kisha Nehemia akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, ili wamwache apite. Mtu wa maombi alikuwa, naye aliomba karatasi.

Leo twataka kuwasimulia habari ya karatasi na baiskeli. Si habari ya kutusifu sisi. Tumekaa nayo kwa muda mrefu, na mmoja wetu alisema afadhali isitangazwe redioni. Lakini yule ambaye habari hii inamhusu zaidi ametupa ruhusa, kwa sharti moja tu, kwamba tusimtaje jina. Basi tutamwita Mzee wetu.

Sisi ni watu wa Mautuma, katika Lugari. Wengi wetu si wenyeji wa pale tangu zamani. Ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya wazungu, na karibu na wakati wa uhuru mashamba yale yalikatwa vipande, wakaletwa watu kutoka sehemu nyingi za nchi ya Waluhya, kila mmoja akiwa na barua ya kumwonyesha shamba lake. Kwa hiyo sisi ni watoto wa watu wa barua. Labda ndiyo sababu huziweka karatasi zetu sandukuni, chini ya nguo za Jumapili.

Mwishoni mwa mwaka 2019 tulikusudia kulizunguka Ziwa Victoria kwa baiskeli, tukiyasalimu makanisa njiani: tuvuke Malaba, twende Tororo, Jinja, Kampala na Masaka, tuingie Tanzania kwa Mutukula, tupite Bukoba na Mwanza, turudi Kenya kwa Sirari na Isebania, kisha Migori, Kisumu, Kakamega na nyumbani. Tulikuwa watu watatu. Baiskeli zetu zilikuwa zile nyeusi za chuma, ngumu kupanda nazo mlima lakini hazivunjiki, na kila fundi wa kando ya barabara anazijua.

Mzee wetu alikuja kuwa wa nne. Alikuwa na umri wa miaka 62 wakati huo, lakini kwa baiskeli alitushinda sote, kwa kuwa alibeba maziwa kwa keria kila alfajiri kwa miaka mingi. Yeye hakutaka kulizunguka ziwa. Alitaka kufika Kakira tu, karibu na Jinja, kisha arudi kwa basi.

Sababu yake ilikuwa hii. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika mashamba ya miwa ya Kakira, ambako kiwanda cha sukari kilianzishwa mwaka 1930. Siku zile Wakenya wengi walikwenda Uganda kutafuta kazi, hasa Waluo na Waluhya. Mzee wetu alizaliwa huko. Mama yake alifia huko mwaka 1968, akazikwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi, karibu na mfereji wa maji, chini ya mwembe. Kisha mwaka 1970 serikali ya Rais Obote ikaamuru wafanyakazi wa Kenya waondoke. Wanahistoria hutaja watu kama 30,000. Baba yake alipakia kitanda na sufuria juu ya baiskeli, naye mtoto wa miaka kumi na mitatu akaisukuma kwa nyuma, hivyo hivyo hadi Malaba, na kutoka Malaba hadi Mautuma, ambako baba mdogo alikuwa amepata shamba. Hakurudi tena Uganda. Mwanzoni ilikuwa kwa woga, kisha kwa umaskini, kisha kwa sababu ya watoto wa kusomesha. Miaka ikawa karibu hamsini.

"Nilitoka kwa baiskeli," alituambia, "nataka nirudi kwa baiskeli. Wala sitaki kufika pale peke yangu."

Sasa twaja kwenye karatasi. Watoto wa leo hawajui jinsi mambo yalivyokuwa. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa tangu Februari mwaka ule hadi Novemba 1983. Jumuiya ya sasa ilianza kazi mwaka 2000, na itifaki ya soko la pamoja ikaanza mwaka 2010. Tangu mwaka 2014 Mkenya aweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Tanzania haikuwamo katika mapatano hayo ya kitambulisho, kwa hiyo sisi watatu tulichukua pasipoti. Mzee wetu hakuhitaji pasipoti kwa ajili ya Kakira. Kitambulisho kingetosha, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Lakini kitambulisho hakuwa nacho. Kile cha zamani kilikuwa kimevunjika katikati, na ile sehemu yenye alama ya kidole ikapotea. Aliomba kingine, akapewa ile karatasi ya kungojea, akaikunja vizuri ndani ya Biblia yake.

Siku nne kabla ya kuondoka alikuja kwenye mkutano wetu. Aliketi karibu na mlango, kama aketivyo daima. Akasema, "Wanangu, kitambulisho hakijafika. Nimeambiwa labda kabla ya mwisho wa Januari. Je, mwaweza kuningoja wiki tatu?"

Hapo ndipo tulipokosa. Tulikuwa tumekwisha kuyaandikia makanisa ya Uganda. Tarehe ilikuwa imetangazwa kanisani, na akina mama walikuwa wameanza kuchanga unga. Tuliona haya kubadili siku. Mmoja wetu akasema kwa sauti ya furaha, "Baba, usiogope, Mungu atafungua njia." Wengine tukasema, "Amina." Mzee akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha naye akasema "Amina", polepole. Yeye ni mzee wa kanisa. Angewezaje kukataa neno kama hilo mbele ya vijana wake?

Mmoja wetu alitaja hata Maandiko. Alimkumbuka Ezra, aliyesafiri njia ile ile ya kwenda Yerusalemu kabla ya Nehemia, akaona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusema kwamba mkono wa Mungu uko juu yao. Ni kweli, imo katika Ezra sura ya 8. Lakini hatukuisoma sura yenyewe usiku ule. Kama tungaliisoma tungaliona ya kuwa Ezra aliwakusanya watu wote kando ya mto Ahava, akafunga pamoja nao, na hatari aliyoikubali ilikuwa yake mwenyewe kama ilivyokuwa yao. Sisi tuliweka rehani kitu cha mtu mwingine. Pasipoti zetu zilikuwa mfukoni.

Tuliondoka Jumatatu, tarehe 6 Januari 2020. Asubuhi ilikuwa ya baridi, umande mwingi. Tulifika barabara kuu itokayo Eldoret, tukashuka hadi Webuye, ambako kile kiwanda kikubwa cha karatasi kilitoa moshi wake tangu miaka ya 1970 mpaka kilipofungwa mwaka 2009, kisha kikauzwa kwa wenyewe wengine. Tulifanya mzaha hapo. Tulimwambia Mzee, "Baba, ingia uombe wakuchapie kitambulisho." Alicheka pamoja nasi. Tulilala Bungoma, na siku ya pili kabla ya jua kali tukafika Malaba.

Mliopita pale mwaijua foleni ya malori, moja nyuma ya jingine, madereva wakipika chai chini ya matela yao. Baiskeli hupita kando. Mzee wetu alitangulia. Katika daraja alishuka, akaisukuma baiskeli yake kwa mikono miwili, bila kusema neno, nasi tukafahamu kwamba anarudia mwendo wa zamani.

Siku hizi maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja katika jengo moja, na anayekwenda Uganda hukaguliwa upande wa Uganda. Kwa hiyo Mzee alivuka. Alikanyaga udongo wa Uganda kwa miguu yake. Alisimama katika mstari pamoja nasi, kofia mkononi. Sisi watatu tulimaliza upesi. Alipofika yeye, afisa, kijana wa umri wa mjukuu wake, aliifungua ile karatasi, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mzee, hii si kitambulisho. Hii yasema tu kwamba umeomba."

"Ndiyo, mwanangu. Ndiyo niliyo nayo."

"Siwezi kukuandikia kibali kwa hii, Baba. Nisamehe."

Hatuna neno baya la kusema juu ya kijana yule. Alimwita mkubwa wake, naye akaja, akamletea Mzee kiti, akaeleza sheria bila kupaza sauti. Walifanya kazi yao. Kama kungekuwa na mtu wa kulaumiwa katika chumba kile, walikuwa watu watatu wenye mihuri mipya katika pasipoti zao, nao walikuwa wakitazama sakafu.

Tulirudi naye hadi mwanzo wa daraja. Mara wakatujia vijana wa bodaboda. Labda si wote mjuao kwamba jina hilo lilizaliwa katika mipaka hii yetu ya Busia na Malaba, katika miaka ya 1960 na 1970, wakati vijana walipowabeba watu kwa baiskeli kutoka boda moja hadi boda nyingine, kwa kuwa gari lilidaiwa hati nyingi na baiskeli haikudaiwa. Siku hizi wengi wana pikipiki, lakini biashara ni ile ile. Mmoja akamwambia, "Mzee, kwa nini uhangaike? Mto ni mdogo kule chini. Shilingi mia mbili tu, tunakuvusha, wenzako unawakuta Tororo."

Twakiri mbele yenu, wasikilizaji, kwamba sisi hatukumkataza yule kijana. Tulinyamaza tukingoja Mzee aseme nini. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kutia mkono mfukoni.

Mzee akasema, "Mama yangu alizikwa kwa heshima. Siwezi kumwendea kwa njia ya panya." Kisha akatugeukia, akatabasamu kidogo. "Nendeni, wanangu. Makanisa yanawangoja."

Nasi tukaenda.

Hilo ndilo jambo ambalo hatukuwaambia watu tuliporudi. Tuliwaambia juu ya mlima wa Tororo, na mvua ya Masaka, na samaki wa Bukoba. Hatukusema ya kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Baba, turudi sote, tungoje." Ilikuwa mwendo wa siku moja na nusu tu kurudi Mautuma. Tulimwacha akiigeuza baiskeli yake, karatasi ikiwa imekunjwa ndani ya Biblia, nasi tukaingia Uganda tukiimba, ingawa wimbo haukwenda mbali.

Siku ya pili yake, karibu na Iganga, tulikutana na wageni watatu kutoka Ujerumani, waliokuwa wakipumzika chini ya mti. Walikuwa wakisafiri kwa baiskeli kutoka kusini mwa Afrika kwenda kaskazini. Wako watu wengi kama hao. Tangu mwaka 2003 kuna hata kundi kubwa liendalo kwa baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town karibu kila mwaka. Hawa watatu walituonyesha faili lao: picha ndogo za pasipoti kwa dazani, barua za benki, nakala za kadi za chanjo, barua za mialiko, na orodha ya viza zilizokwisha na zilizobaki. Kwa Uganda, Rwanda na Kenya walikuwa na ile viza moja ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 2014, ya dola 100 kwa siku 90, nao waliisifu sana. Lakini katika mji mmoja wa nchi nyingine, walisema, viza ya mmoja wao ilichelewa siku kumi na tisa.

"Mkafanya nini?" tukawauliza.

Walitushangaa. Walisema walikaa hotelini, wakafua nguo, wakamngoja.

Hatukuuliza zaidi. Tulitengeneza tairi moja lililokuwa limeingia mwiba, tukaagana nao.

Kakira tulifika, kwa kuwa tulimwahidi. Miwa ni mingi mno kule, wasikilizaji, imefunika vilima hadi macho yachoke. Tuliuliza habari za nyumba za zamani za wafanyakazi. Walituonyesha mahali pawili, na mahali pa pili palikuwa na mfereji na mwembe. Tukafurahi, tukapiga picha kwa simu, tukamtumia mjukuu wake ili amwonyeshe. Baada ya saa moja Mzee mwenyewe akapiga simu. Alitushukuru sana kwa kuhangaika. Kisha akasema, "Lakini hapo sipo. Mwembe ule ulikuwa upande wa jua kuchwa, na mfereji ulipinda." Tukatafuta hadi jioni. Mtu asiyemjua marehemu hawezi kulitafuta kaburi lake lisilo na alama. Tulikuwa kama watu wanaosoma barua ya mtu mwingine katika lugha wasiyoijua.

Safari iliyobaki hatutaisimulia yote. Katika kituo kimoja cha mpakani, ambacho hatutakitaja, mtu mmoja aliitazama kadi ya homa ya manjano ya mwenzetu akasema imepitwa na wakati, maana ilikuwa na zaidi ya miaka kumi. Tulijua ya kuwa tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limetangaza kwamba chanjo ile yatosha maisha yote. Tulimweleza. Akasema yawezekana, lakini mambo yangekwenda haraka kwa chai kidogo. Tukasema chai tumekwisha kunywa. Tukaketi kwenye benchi saa nne, tukala mihogo, mpaka akaja mwingine akatupitisha bila neno. Tulijiona mashujaa wa imani siku ile! Kumbe tuliweza kungoja saa nne kwa ajili ya heshima yetu wenyewe.

Tarehe 23 Januari, siku ya Alhamisi, tulikuwa karibu na Mwanza. Simu ikalia. Kitambulisho cha Mzee kilikuwa kimefika. Tulihesabu kwa vidole, kila mtu peke yake, bila kuambiana. Tangu tarehe 6 hadi tarehe 23 ni siku kumi na saba. Yeye aliomba wiki tatu.

Turudi sasa kwa Nehemia. Sura ya kwanza yasema alipata habari za Yerusalemu katika mwezi wa Kisleu. Sura ya pili, alipomwambia mfalme, ni mwezi wa Nisani. Katikati ya miezi hiyo miwili kuna kama miezi minne. Tulizoea kuisoma habari hii haraka, ukurasa mmoja, kana kwamba alihuzunika asubuhi akaondoka jioni. Sivyo. Alifunga, aliomba, akaendelea kupeleka kikombe cha mfalme kila siku, akiingoja saa ya kuomba barua. Kungoja kwake hakukuwa upungufu wa imani, wala barua zake hazikuwa. Tukiwa na haraka sisi huita haraka yetu imani, hasa gharama yake ikiwa italipwa na mtu mwingine.

Mwaka 2023 magazeti ya dunia yaliandika habari za kijana wa Guinea, Mamadou Safayou Barry, Mwislamu, aliyetaka sana kusoma katika chuo cha Al-Azhar huko Cairo. Hakuwa na nauli ya ndege. Alipanda baiskeli mwezi wa Mei, akaenda kiasi cha kilomita 4,000 kwa miezi minne, akapita Mali, Burkina Faso, Togo, Benin na Niger hadi Chad, akakamatwa na kuwekwa kizuizini mara tatu njiani. Huko Chad watu waliosikia habari zake wakamlipia nauli ya ndege, kwa sababu ya vita vya Sudan, naye akapokelewa chuoni. Tulipomsoma tulinyamaza. Kijana yule alikwenda kwa kuthubutu, naam, lakini shingo aliyoiweka hatarini ilikuwa yake.

Mtasema, basi mlirudi mkatubu, mkampeleka. Tungependa kusema hivyo. Tulirudi katikati ya Februari. Mzee alitupokea langoni kwa uji. Alitoa kile kitambulisho kipya mfukoni akatuonyesha, akakifuta kwa kitambaa akakirudisha. Hakutulaumu. Aliuliza tu, "Sasa lini?" Nasi tukamwambia ya kuwa mvua za masika zi karibu, mashamba yanangoja, baada ya kupanda mahindi na baada ya Pasaka tutakwenda. Pasaka mwaka ule iliangukia tarehe 12 Aprili. Mwezi wa Machi, kama mjuavyo, ugonjwa wa korona uliingia Kenya, na kabla mwezi haujakwisha Uganda iliwafungia wasafiri mipaka yake.

Hivyo mara mbili aliomba, na mara mbili tulimwambia angoje sisi, baada ya kukataa kumngoja yeye.

Miaka miwili ikapita. Mipaka ilifunguka kidogo kidogo, lakini kwa karatasi nyingine mpya, za vipimo, na bei yake ilikuwa zaidi ya gunia la mahindi. Goti la Mzee likaanza kuuma, kisha likakataa kabisa kukanyaga pedali. Baiskeli yake akampa mjukuu wa kupelekea maziwa.

Mwaka 2022, masharti yalipolegezwa, tulimwendea. Safari hii sisi ndio tulioketi karibu na mlango. Tulimwomba msamaha, naye akasema, "Haya, hayo yamekwisha. Sasa lini?" Tukasema siku yoyote aitakayo yeye. Akachagua Jumatatu.

Tulipakia baiskeli zetu juu ya matatu hadi Malaba, kwa ajili ya goti lake. Pale tukazishusha. Alitaka kuvuka kwa baiskeli, basi tukafunga mto wa kukalia juu ya keria, akapanda nyuma, akamshika mmoja wetu kiunoni kama abiria wa zamani wa bodaboda. Malori yalikuwa yamepanga foleni vile vile. Juu ya daraja akasema, "Polepole," nasi tukaenda polepole.

Ndani ya jengo tulimwacha atangulie. Afisa wa safari hii alikuwa binti mpole mwenye miwani. Alikitazama kitambulisho, akamtazama Mzee, akaandika.

"Unakwenda wapi, Baba?"

"Kakira."

"Siku ngapi?"

"Siku tatu."

"Na utarudi lini?"

"Jumatano, mwanangu."

Muhuri ukagonga karatasi. Alikichukua kile kibali, akakisoma chote, hata maandishi madogo ya chini, kisha akakiweka ndani ya Biblia, pale pale ilipokaa ile karatasi nyingine.

Kakira aliijua njia mwenyewe. Alituelekeza kwa mkono kutoka nyuma ya keria: kushoto hapa, sasa moja kwa moja, hapana, rudini, palikuwa na kisima. Mwembe haukuwapo tena, wala nyumba hazikuwapo. Ulikuwapo mfereji, nao ulikuwa umepinda kama alivyosema. Alishuka, akahesabu hatua kutoka pale ulipopindia, akichechemea, akaingia kati ya mistari ya miwa, akasimama. Tulibaki na baiskeli barabarani. Tulimsikia akimtolea Mungu shukrani kwa Kiluhya, kisha akataja majina ya watoto wake, na ya wajukuu wake kumi na mmoja, mmoja mmoja, bila haraka, kama mwalimu anayesoma orodha ya darasa asubuhi.

Jumatano tulivuka daraja kurudi nyumbani, kama alivyomwambia yule binti.